Sala ya Kimya Katika Nchi ya Majani Chai

Historia ya dini katika nchi ya Kericho na Bomet imezoea kuandikwa kwa majina ya wamisionari na kwa tarehe za majengo yao, na mwandishi aifuataye njia hiyo hatapungukiwa na mambo ya kusimulia, kwa kuwa misheni zilikuwa nyingi, hospitali na skuli zikajengwa, na tangu mwaka 1995 Wakatoliki wa huko wana jimbo lao wenyewe, lililomegwa kutoka Nakuru, ambalo kanisa lake kuu la Moyo Mtakatifu lilifunguliwa mwaka 2015. Sina nia ya kuyapunguzia mambo hayo taadhima yake. Lakini chini ya historia hiyo ipo nyingine, isiyoandikwa sana, nayo ni ya watu wasiopokea ujira wala kuvaa joho, ambao kizazi baada ya kizazi wamewakusanya wenzao wapate kukaa mbele ya Mungu kwa utulivu, na kusikiliza kabla ya kusema. Hao ndio ninaotaka kuwataja hapa, pamoja na nyumba moja ya watawa iliyoishi kati yao kwa muda wa miaka zaidi ya hamsini, kisha ikahama.

Nchi yenyewe ilikuwa na ibada yake kabla ya msalaba kufika. Boma la Mkipsigis, mwenyeji wa nchi hiyo, lilikuwa na mabwaita, ndiyo madhabahu ya matawi yaliyosimikwa nje ya nyumba upande wa mawio, na hapo mwenye boma, aliyekuwa baba na mzee wa nyumba wala si kuhani wa kazi, alisimama akamwelekea Asis, Mungu wao, na kuwaombea watoto, mifugo na wageni wake. Yakija makubwa, ukame au maradhi au mwisho wa mavuno, watu walikusanyika mahali pa juu palipoitwa kapkoros, wazee wakaongoza dua na umati ukaitikia. Ibada ile imekoma zamani, ila jina limebaki, na wakulima wengi wa Bomet wanaopeleka majani yao katika kiwanda cha chai cha Kapkoros hulitamka kila siku pasipo kukumbuka ya kwamba wanataja mahali pa sala. Ninalolishika mimi katika habari hizi ni hili, kwamba Mkipsigis hakungoja kufundishwa na mgeni ya kuwa mtu wa kawaida, baba wa nyumba na mchunga ng'ombe, aweza kuongoza wengine katika ibada bila malipo. Jambo hilo alikuwa nalo tangu enzi za babu zake.

Serikali ya kikoloni iliwaogopa viongozi wa namna hiyo, hasa wale wa ukoo wa Talai, ambao watu waliwatazama kuwa waonaji na wabarikiaji, na ambao maafisa waliwadhania kuwa chimbuko la kila uasi. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwahamisha, na Watalai wapatao 700, wazee kwa watoto wachanga, wakapelekwa Gwassi, karibu na ziwa, katika nchi ya joto na mbung'o isiyofanana hata kidogo na baridi ya milima yao. Dhuluma ile haijasahauliwa Kericho hadi leo, na haifai isahauliwe.

Wakati huo ardhi nayo ilikuwa imekwisha badilika mikono. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ekari zipatazo 25,000 za Kericho zilitengwa kwa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, wakapanda kitani; bei ya kitani ilipoanguka, mradi wao ukafa upesi, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya Brooke Bond na wenzao wa James Finlay wakaingia na miche ya chai. Hapo ndipo ilipoanza sura ya nchi tunayoijua: vilima vya kijani kilichopunguzwa sawasawa, mvua ya alasiri inyeshayo takriban kila siku, mawe ya barafu yapigayo majani mwaka mzima, na kando ya mashamba, safu za vyumba vya wafanyakazi ziitwazo laini. Katika laini walikutana watu ambao makabila yao hayakuwa na desturi ya kukaa ukuta kwa ukuta, Mkipsigis na Mjaluo, Mluhya na Mkisii, na wengine wengi, kila mmoja amekuja na lugha yake na kanisa lake, au hana kanisa. Misheni za Kiprotestanti zilikuwa zimetangulia. Willis Hotchkiss, mmoja wa Marafiki (Wakweka) watatu waliofika Kaimosi mwaka 1902, alihamia Lumbwa miaka michache baadaye akaanzisha misheni ya ufundi. Litein ilishikwa na African Inland Mission. Na Tenwek katika Bomet ikashikwa na World Gospel Mission katika miaka ya 1930, ikaja kuwa mahali pa hospitali yenye sifa. Makanisa hayo yalipenda mahubiri na nyimbo. Kukaa kimya kwa ajili ya Mungu kuliletwa na watu wengine.

Walikuja mwaka 1956. Lumbwa, ambayo siku hizi yaitwa Kipkelion, ilikuwa stesheni ya reli ya Uganda na kitovu cha masetla wafuga ng'ombe, ambao mwaka 1908 waliunda hapo chama cha ushirika, nacho huhesabiwa kuwa cha kwanza katika Kenya. Wageni hawa wapya walitoka Uholanzi, katika abasia ya Koningshoeven karibu na mji wa Tilburg, nao ni Watrapisti, warahibu wa shirika lililoanza Citeaux katika Ufaransa mwaka 1098 na kurekebishwa kwa ukali katika karne ya 17 huko La Trappe. Hawakuja kuhubiri. Hawakuja kufungua skuli ya mabweni wala zahanati, ijapokuwa jirani mwenye dhiki hakufukuzwa langoni. Walikuja kusali, kulima, kufuga na kunyamaza, na wakaiita nyumba yao Abasia ya Mama Yetu wa Victoria, kwa jina la ziwa lililo chini ya milima ile.

Kenya ya mwaka 1956 ilikuwa chini ya hali ya hatari. Maelfu walikuwa vizuizini, na watu walikuwa wamechoka kwa amri na kelele za bunduki. Kwamba katika mwaka kama huo watu waliacha kwao wakaja kujenga nyumba ambayo kazi yake ya kwanza ni kuamka kabla ya alfajiri, saa ambayo hata wakamuaji bado wamelala, na kuimba zaburi gizani, kisha kurudi kanisani mara kwa mara hadi jua linapotua, ni jambo ambalo jirani hakuweza kulielewa kwa haraka. Huyu si padri wa kubatiza. Huyu si bwana shamba, ingawa ana shamba. Huyu hana mke wala mshahara. Basi ni nani? Jibu halikutolewa kwa hotuba. Lilitolewa kwa kengele iliyolia saa zile zile kila siku, kwa mikono iliyopata sugu, na kwa vijana wa Kenya na Uganda waliogonga lango mmoja mmoja wakaomba kuingia, hata nyumba ya Waholanzi ikawa nyumba ya Waafrika.

Inafaa msomaji afahamu jambo moja juu ya nyumba mama, kwa maana linatia nuru katika yaliyotokea baadaye. Koningshoeven yenyewe ilianzishwa mwaka 1881 na warahibu wa Mont-des-Cats, katika Ufaransa, walipohofia kufukuzwa na sheria za serikali yao iliyokuwa ikiyabana mashirika ya watawa. Walivuka mpaka kutafuta kimbilio, na makao yao ya kwanza Uholanzi yalikuwa zizi la kondoo. Kwa hiyo abasia ya Lumbwa ilizaliwa na mama aliyekuwa mkimbizi.

Mrahibu wa shirika hili huweka nadhiri ya kudumu mahali pamoja. Wengine huahidi utii, na yeye huahidi vilevile, lakini huongeza ahadi hii ya kutohama, kwamba katika nyumba aliyoingia ndimo atakamozeeka na kuzikwa, na ndugu aliopewa ndio atakaowavumilia. Kanuni ya Benedikto wanayoishika yaamuru pia mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Amri hizi mbili, ya kukaa na ya kukaribisha, zilikuja kugongana na siasa za Bonde la Ufa, na mgongano huo ulikuwa mchungu.

Baada ya uhuru mashamba ya masetla yaligawanywa na kuuzwa, na Kipkelion ikajaa wakulima wa asili mbalimbali, Wakipsigis, Wakikuyu, Wakisii na wengineo, wakapakana mashamba na kuozana watoto. Siasa ya vyama vingi iliporejea, wakatokea watu waliowashawishi majirani kuwa baadhi yao ni wageni. Mapigano yaliyoanza Nandi mwishoni mwa mwaka 1991 yalienea mwaka 1992 hata Kericho, na Kipkelion ilikuwa miongoni mwa mahali palipoungua. Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalipotangazwa siku tatu baadaye, nchi ikalipuka. Na Januari 2008, nyumba na ghala za jirani zikiwaka moto, watu kwa mamia walikimbilia abasia, akina mama na magodoro vichwani, wazee wakishikwa mikono, na warahibu wakawafungulia, wakawalaza, wakawagawia walichokuwa nacho. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kimya ikajaa vilio vya watoto. Siijui ibada iliyo kuu kuliko hiyo.

Wakongo wa mashariki wataikumbuka habari inayofanana nayo. Huko Mokoto, katika Masisi, Watrapisti wa Ubelgiji walianzisha nyumba mwaka 1954, miaka miwili kabla ya Lumbwa. Mei 1996 washambuliaji waliingia mahali walipojificha wakimbizi wa Kitutsi, wakawaua kwa mamia, na watawa wakatawanyika. Kipkelion ilisalimika na balaa la kiasi hicho, na kwa hilo tumshukuru Mola. Hata hivyo ndugu wa abasia walitoka katika makabila tofauti, na usalama wa jumuiya ya namna hiyo haukuweza kuaminiwa tena. Mwaka huo huo wa 2008 waliondoka. Walikwenda Uganda, wakaweka makao mapya Kijonjo katika jimbo la Masaka, ambako watawa wanawake wa shirika lao walikuwapo Butende tangu miaka ya 1960. Jina la Mama Yetu wa Victoria wakalichukua pamoja nao. Watu walioahidi kutohama walihamishwa na chuki isiyo yao, na nchi ya chai ikapoteza nyumba ambayo haijapata mfano wake.

Sasa swali ninaloliona kuwa kubwa ni hili: je, kimya kiliondoka pamoja nao? Wapo wanaosema ndiyo, kwa sababu wanafikiri kwamba sala ya taamuli ni mali ya watawa, na mlei hupewa rozari na sadaka yamtosha. Mawazo hayo hayana msingi katika historia ya Kanisa. Antonio wa Misri, anayeitwa baba wa warahibu, hakuwa padri. Alikuwa mkulima kijana aliyesikia Injili ikisomwa kanisani, akauza mashamba yake na kuingia jangwani, akafariki mwaka 356 akiwa bado mlei. Benedikto mwenyewe, ambaye Kanuni yake ilisomwa Lumbwa kila siku, haaminiki kuwa alipata daraja ya upadri. Na katika mwaka ule ule wa 2008 ambao abasia ya Kipkelion ilihama, mkutano mkuu wa Watrapisti ulitambua rasmi kwamba walei pia, watu wenye ndoa na kazi, waweza kuiishi karama yao nje ya kuta za abasia. Jambo hilo halikukusudiwa kuwa jibu kwa Kenya, lakini mimi nalisoma hivyo.

Nchini kwetu mlango wa walei ulikuwa umefunguliwa mapema. Mwaka 1936 alifika Edel Quinn, binti wa Ireland mwenye maradhi ya kifua, asiyekuwa mtawa, akasafiri Afrika ya Mashariki yote akianzisha makundi ya Lejio ya Maria yaliyoongozwa na watu wa kawaida, hadi alipofariki Nairobi mwaka 1944. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki, wakikutana Nairobi, waliazimia kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na mwaka 1976 wakaufanya mpango huo kuwa wa kwanza katika uchungaji wao. Maana yake kwa Kericho na Bomet ilikuwa kubwa kuliko walivyodhani, kwa kuwa padri mmoja mwenye vigango vingi na barabara za utelezi hawezi kufika kila laini, ilhali mwenyekiti wa jumuiya anakaa humo humo.

Na tuingie katika laini jioni moja, Alhamisi kwa mfano, mvua ikiwa imekatika na maji yakidondoka bado katika mabati. Wachumaji wametoka kupima majani. Vidole vina weusi wa utomvu usiotoka kwa sabuni, na migongo inauma kwa kikapu. Wanakuja kumi, kumi na wawili, wanajibana katika chumba cha mwenzao, mtoto amelala nyuma ya pazia, jiko limesogezwa mlangoni. Anayeongoza ni mchumaji kama wao. Kesho saa kumi na mbili yumo shambani. Wanaifuata njia ya hatua saba, iliyotungwa katika taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini na mapadri Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, wote wawili wakaja kuwa maaskofu. Kwanza humkaribisha Bwana kwa maneno yao wenyewe. Kisha mmoja husoma Injili. Ndipo kila mtu hutoa neno moja au mawili yaliyomgusa, akayatamka polepole hadi mara tatu, wenzake wakinyamaza kati ya mara na mara. Na hatua ya nne ni kimya kitupu. Kiongozi hutaja dakika, tatu au tano, na chumba kizima hutulia, watu wa makabila manne magoti kwa magoti, pasipo anayeomba wala kufundisha. Baadaye watashirikishana, watapanga nani amtembelee mgonjwa wa chumba cha tisa, watafunga kwa sala. Lakini nguvu ya jioni ile imo katika hatua ya nne, na kuilinda hatua hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizo nazo kiongozi.

Nasema ngumu kwa sababu kelele hupenda kuingia hapo kwanza. Jumuiya nyingi zimekuwa vyama vya michango: ya arusi, ya matanga, ya bati la kanisa, ya mapokezi ya askofu, orodha husomwa ndefu kuliko Injili, na dakika tano za kimya hukatwa ziwe mbili, kisha hazipo. Michango ni ya lazima, na mtu hazikwi kwa sala peke yake. Ila jumuiya iliyosahau hatua ya nne imekwisha kuwa kitu kingine, na viongozi wenye busara hulijua hilo, ndio maana wapo wanaoweka mambo ya fedha siku tofauti. Mwongozaji wa sala halipwi. Katekista hupewa bahasha ndogo, pengine hapewi. Mwenyekiti na katibu hawapewi kitu. Hukopesha chumba chao, mafuta ya taa yao, na saa ya usingizi wao. Hupata lawama za majirani, huitwa usiku penye msiba, na wakati wa uchaguzi, hapo ndipo hutazamwa sana, kama watathubutu kuendelea kuwakalisha pamoja watu ambao redio na mikutano ya hadhara inawatenga. Katika siku zile za Januari 2008 wengine waliwaficha jirani zao, na habari zao hazikuingia katika taarifa ya tume yoyote.

Katika ulimwengu mpana njia za sala ya kimya zimerudi kwa walei kwa namna nyingi. John Main, Mbenedikto aliyejifunza kutafakari katika Malaya, alifungua kikundi cha sala London mwaka 1975, na leo vikundi vya mfano wake viko katika nchi nyingi, vikiongozwa na watu wa kujitolea majumbani na parokiani. Wasomi wa miji yetu wameanza kuvijua kupitia vitabu. Ni kheri, lakini wasiwadharau wachumaji wa Kericho, waliokuwa wakikaa kimya mbele ya Injili katika vyumba vya laini miaka mingi pasipo kitabu hata kimoja juu ya jambo hilo.

Na laini zenyewe hazina uhakika wa kudumu. Mashine za kuchuma chai zimeingia mashambani, mashine moja ikifanya kazi ya watu wengi, na vyumba vilivyojaa miaka ishirini iliyopita sasa vimefungwa kufuli au vimebomolewa. Mchumaji aliyepunguzwa kazi hurudi kwao Nyamira au Vihiga au Siaya, na jumuiya aliyoiongoza huvunjika bila ya sherehe, kwa kuwa haikuwa na kiwanja wala hati wala jengo la kuzindua. Iliyokuwa nayo ni daftari. Kila katibu ana daftari la jumuiya, lenye tarehe, majina ya waliohudhuria, somo la siku, mgonjwa aliyetembelewa, mara nyingine na neno alilolisema mtu baada ya kimya. Limeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, kurasa zimevimba kwa unyevu. Laini ikibomolewa, daftari hilo huwashiwa jiko.

Basi nawaomba maparoko wa Kericho na Bomet, na zaidi yao nawaomba watoto wa makatibu na wenyeviti wa jumuiya, wale waliosoma na sasa wanakaa Nakuru na Nairobi: mrudipo likizo, mwulizeni mama daftari liko wapi. Lifuteni vumbi, pigeni picha kurasa zake, toeni nakala, na nakala moja ipelekwe parokiani ihifadhiwe pamoja na vitabu vya ubatizo. Wazee waliokuwa vijana wakati Watrapisti walipokuja Lumbwa wamebaki wachache. Wao nao waketishwe, waulizwe, na majibu yao yaandikwe kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis, mwaka huu huu.